Gashoho: Makumbusho Yatokanayo na Udongo wa Kilima

Msafiri atokaye Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, akishika njia ya Karuzi kuelekea Muyinga, haoni mahali tambarare pa kupumzishia macho. Kilima hufuata kilima. Migomba huzunguka nyumba, mashamba ya maharagwe hushuka mpaka mabondeni, na njia za miguu hupanda tena upande wa pili. Gashoho, katika eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga kabla mikoa 18 ya nchi hiyo haijapunguzwa kuwa 5 mwaka 2025, ni sehemu ya mandhari hayo. Ardhi ni haba, watu ni wengi, na kila kipande cha shamba kina mwenyewe.

Katika nchi ya namna hiyo, kujenga makumbusho si suala la urembo tu. Jengo kubwa la saruji hula shamba, huhitaji vifaa viletwavyo kwa malori kutoka mbali, na siku likianza kuvuja, wenyeji hubaki wakilitazama kwa kukosa fundi na fedha. Makumbusho yaifaayo Gashoho ni yale ambayo wanakijiji wataweza kuyatengeneza kwa mikono yao wenyewe. Hiyo si ndoto, kwani mifano miwili imo humo humo nchini: mmoja ni wa kale, na mwingine ni wa juzi.

Funzo la Gishora

Mfano wa kale uko Gishora, kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega. Mahali hapo paliasisiwa katika karne ya 19 na Mwami Mwezi Gisabo, mfalme yule aliyewapinga Wajerumani hata akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Ndani ya ua zimo nyumba za miti na nyasi, na humo hutunzwa ngoma za kifalme, zikiwamo Ruciteme na Murimirwa. Walinzi wa ngoma hizo wamerithishana kazi hiyo tangu enzi za mababu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Nyasi huoza na miti huliwa na mchwa. Hata hivyo Gishora imedumu, kwa sababu watu wanaojua kuezeka upya wako karibu, na vifaa vyao huota jirani. Hata mti wa kuchongea ngoma, mringaringa, ambao Warundi huuita umuvugangoma, ni mti wa vilima hivyo hivyo. Anayeutunza mti huo ameitunza ngoma ya kesho.

Mjini Gitega penyewe pana Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Humo mgeni huona vikapu, vyungu na vyombo vya mfalme. Kazi yake ni kubwa, lakini huko vyombo vimekaa mbali na nyumba vilimotoka. Gishora chombo na nyumba yake vimebaki pamoja.

Maktaba ya Muyinga

Mfano wa juzi ni maktaba iliyokamilika mjini Muyinga mwaka 2012, ikiwa sehemu ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects wa Brussels, walianza kwa kuchunguza jinsi Warundi wenyewe wanavyojenga. Matofali yalitengenezwa kwa udongo wa mahali pale, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila kuchomwa. Kwa hiyo kuta hazikuhitaji tanuri la kuni, jambo lenye uzito katika nchi ambayo miti yake inapungua. Paa limebebwa na miti ya mikaratusi na kuezekwa kwa vigae vya udongo.

Mbele ya maktaba ipo baraza ndefu, kama ile ya nyumba nyingi za Burundi, ambapo watu hukaa, husubiri na kuzungumza. Nguzo zake zimesogeleana, nazo huzipa nguvu kuta ndefu. Matundu yaliyoachwa katika kuta huruhusu upepo kupita, na joto hupanda juu na kutoka bila mashine wala umeme. Ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, ambao watoto huulalia wakisoma.

Yale yaifaayo Gashoho

Mwenye kupanga makumbusho ya Gashoho atayaunganisha mafunzo hayo. Kwanza, jengo lifuate mkunjo wa mteremko badala ya kuukata, ili mvua za masika zisichukue udongo. Vyumba vidogo vikizunguka ua, mfano wa rugo, boma la Kirundi, havitahitaji uwanja mpana wa kusawazishwa. Udongo uchimbwao uwe matofali, na shimo libakialo liwe kisima cha maji ya mvua. Paa litokeze mbele sana na msingi uinuliwe kwa mawe, maana ukuta wa udongo haumwogopi mzee bali huyaogopa maji.

Kuta nene za udongo hunyonya unyevu na kuurudisha polepole. Hilo lafaa vikapu na ngozi. Madirisha yawe madogo na ya juu, kwani jua kali hufifisha rangi za ususi. Mringaringa ipandwe uani, na vijana wa kilima wafundishwe kufyatua, kuezeka na kukagua mchwa. Kila mwaka itengwe siku ya kukandika upya, kama familia zifanyavyo majumbani.

Mambo hayo yanazihusu pia familia zinazojenga mahali pengine. Kabla ya kununua mifuko ya saruji kwa mkopo, baba na mama wautazame kwanza udongo wa kiwanja chao, wamwulize fundi mzee wa mtaa, na wapime upana wa paa. Nyumba ya udongo iliyovikwa kofia na viatu vizuri hukaa miaka mingi. Lakini inataka mwenyewe aliye macho, kwani asiyeziba ufa atajenga ukuta, na asiyejua kujenga ukuta huo atapoteza nyumba pamoja na yote yaliyowekwa ndani yake.