Kura ya Bahati na Elimu ya Sababu

Zamani zile nilipokuwa nikifundisha historia na elimu ya uraia, baraza za Nyalenda hapa Kisumu, kuanzia Pandpieri hata ufukoni Dunga kwa wauza samaki, hazikukosa suala moja lililorudi kila uchaguzi ulipokaribia: ni jambo gani hasa limfanyalo mtu ampe huyu kura yake na kumnyima yule? Wazee walijibu kwa yakini kubwa. Huyu alisema ni ukabila. Yule akasema ni unga na shilingi zigawanywazo usiku wa kuamkia uchaguzi. Na wa tatu, aliyeyashuhudia ya mwaka 1969, wakati damu ilipomwagika Kisumu na chama cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku, alishikilia kwamba ni machungu ya kale ambayo mwana huyarithi kwa babaye. Kila hoja ilikuwa na shahidi wake, na hakuna hata moja iliyoweza kuiangusha nyingine.

Nilizipenda baraza hizo kwa adabu yake na kumbukumbu zake, lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoiona dosari iliyokuwamo. Mgombea hupeleka unga wake pale anapojua kwamba ana wafuasi. Basi wapokeaji wanapompigia kura kwa wingi, ni nani awezaye kusema kama ni unga uliowavuta, au wangalimpigia hata kama wasingalipata kibaba kimoja? Ingetubidi tuwaone watu wale wale, siku ile ile, wakiwa wamepewa na wakiwa hawakupewa, jambo ambalo mwanadamu hakujaaliwa.

Njia ya kuivuka dosari hiyo ilitujia Kisumu kwa mlango wa tiba. Kuanzia mwaka 2002 watafiti waliandikisha vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wakawagawa kwa kura ya bahati, nusu wakatahiriwa mara moja na nusu wakaambiwa wangoje miaka miwili, ili ijulikane kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Mwezi wa Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa maambukizi kati ya waliotahiriwa yalikuwa kiasi cha nusu ya yale ya wenzao, na haikuwa insafu kuendelea kuwangojesha waliosalia. Hilo kwetu halikuwa jambo la hospitali peke yake. Wajaluo hawatahiri kwa mila, na mahasimu wa kisiasa wamelitumia jambo hilo mara nyingi kuwavunjia heshima viongozi wetu. Kwa hiyo Raila Odinga, akiwa Waziri Mkuu, alipowahimiza wanaume wa Nyanza mwaka 2008 waikubali tohara kwa ajili ya afya zao, ilhali wako wazee walioipinga, alikuwa akisimama juu ya ithibati iliyopatikana kwa damu na subira ya vijana wetu wenyewe. Mimi nililolizingatia ni hili, kwamba kura ya bahati haimjui mcha Mungu wala mlevi, tajiri wala mchuuzi. Huwachanganya wote katika pande mbili zinazokaribia kulingana, hata tofauti kubwa itokeapo baadaye ikawa haina pa kusingiziwa ila kile kilichotiwa upande mmoja.

Katika siasa njia hiyo ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Mtaalamu wa siasa Harold Gosnell aliijaribu Chicago mwaka 1924, akiwapelekea baadhi ya raia barua za kuwahimiza kujiandikisha na kupiga kura na kuwaacha wengine. Na katika Afrika, msomi Leonard Wantchekon alivishawishi vyama vya Benin, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2001, viwahutubie watu wa vijiji fulani kwa ahadi za fadhila na wa vijiji vingine kwa sera za taifa zima.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni la uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikishirikiana na wanauchumi Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri, ilituma ujumbe wa simu kwa wapiga kura wapatao milioni mbili waliopatikana kwa bahati nasibu. Mwingine ulihimiza, mwingine ulieleza nyadhifa zitakazogombewa, mwingine ulieleza habari za tume yenyewe. Waliopelekewa walijitokeza kupiga kura zaidi kidogo kuliko wasiopelekewa, kama ilivyotarajiwa. Baada ya uchaguzi, hata hivyo, imani yao kwa tume ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao, na ilipungua zaidi kwa wale ambao mgombea wao alishindwa na katika sehemu zilizopatwa na vurugu. Watafiti walieleza kwamba tume iliahidi uchaguzi wa wazi na wenye utaratibu, ilhali siku yenyewe mitambo ya kutambua wapiga kura iliharibika mahali pengi, na upelekaji wa matokeo kwa njia ya elektroniki ukakwama. Aliyeishi Kisumu tarehe 30 Machi mwaka ule, Mahakama ya Juu ilipoikataa kesi ya Raila ya kupinga matokeo, hahitaji kuambiwa machungu yale yalikuwaje. Lakini kwamba neno jema la kuhimiza, likitangulia mbele ya kazi mbovu, laweza lenyewe kuwa sababu ya kuvunja imani, hilo hakuna barazani kwetu aliyelibashiri, nami sioni ni kwa njia gani nyingine lingalijulikana.

Pamoja na hayo, yako mambo ambayo hayapasi kutiwa katika kura ya bahati. Agosti 2017, wakati wa msako wa polisi hapa Nyalenda, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao, akafariki, na mwaka 2019 mahakama ya uchunguzi ikaona kwamba polisi walihusika. Athari ya rungu juu ya imani ya raia haina haja ya jaribio, yahitaji hukumu. Na mwaka 2020 zilipotangazwa habari za utafiti wa Nairobi, ambamo baadhi ya wenye nyumba waliodaiwa bili, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, walikatiwa maji kwa bahati nasibu ili ionekane kama watalipa, lawama zilienea duniani, na kwa haki. Malipo yaliongezeka kweli. Lakini katika nyumba za kupanga mwenye nyumba ndiye adaiwaye, naye mpangaji ndiye ashikwaye na kiu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Nyalenda, msiwafukuze vijana wa utafiti wanaobisha hodi na maswali yao, wala msiwajibu kwa kuwaridhisha. Watakeni kibali cha utafiti cha NACOSTI, waulizeni mmewekwa upande gani na kwa ridhaa ya nani, na wadaini matokeo yasomwe katika baraza la chifu, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, kabla hayajasomwa ng'ambo.