Tulimhukumu Jirani Kwa Friji Lake, Kumbe Mdogo Wangu Anapanda Bangi Kabatini

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi. Huwa nasoma visa vya wenzangu, nacheka, nasikitika, nalala. Leo zamu yangu. Majina yote kapuni na nimebadilisha vitu vidogovidogo ili nyumba isijulikane, ila mtaa ni huuhuu wa Kurasini, ukitoka Kilwa Road unaingia ndani kidogo, malori ya makontena yakipita mpaka vyombo vinatikisika kabatini.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Tupo wapangaji sita, ukumbi mmoja katikati, choo na bafu nje, na mita moja ya LUKU ukutani. Kila mpangaji anachanga elfu nane kwa mwezi, jumla elfu 48. Mita yetu iko kwenye bei ya kawaida, siyo ile nafuu ya wasiovuka uniti 75, kwa hiyo elfu kumi inatupa uniti kama 28. Ukipiga hesabu, tunapata kama 134, na kwa miaka miwili zilitutosha mwezi mzima bila maneno.

Mimi nina chumba na sebule, nakaa na wanangu wawili. Mdogo wangu wa kiume alipomaliza chuo Morogoro akaja mjini kutafuta maisha, nikamwomba mwenye nyumba anipe kile kistoo cha nyuma kwa elfu 15 ya ziada. Nikamnunulia godoro na kabati la nguo kutoka Keko. Kijana mpole, ana miaka 23, watoto wangu wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Alikuwa anapata deiwaka bandarini siku mbili tatu kwa wiki, siku nyingine anazurura na kundi la msanii mmoja (huyo mnamjua wote), anabeba mabegi, anashika simu wakati wa kurekodi video. Mwenyewe aliita hiyo kazi.

Mwezi wa pili mwaka jana akaanza kufunga mlango na kufuli, hata akienda chooni. Nikasema mtoto wa kiume kakua, labda kuna binti. Mwanangu wa kike, ana miaka sita, usiku mmoja akaniambia, "Mama, kwa mjomba kuna jua." Nikamwambia lala.

Mwezi wa tatu, tarehe 17, mita ikaanza kulia. Uniti zimeisha. Tukatazamana.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Chumba cha mbele alikuwa anakaa mama mmoja wa makamo, mjane, sisi tulizoea kumwita mama wa barafu. Ana friji lake dogo la kugandishia, anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, mia mia. Friji hilo alilikuta mumewe bado hai, na lilikuwepo miaka yote miwili ambayo umeme ulitutosha. Hakuna aliyekumbuka hilo. Umeme ukiisha kwenye nyumba ya kupanga, macho yote yanakwenda kwa mwenye friji.

Tukakaa kikao ukumbini. Mimi nafanya kazi ya ofisini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo mambo ya hesabu huwa wananiachia mimi. Ndiye mimi niliyesema mbele ya watu, "Mama, tusemezane ukweli tu. Friji ni lako, faida ni yako, umeme ni wa kwetu sote." Wakaitikia, "Kweli kabisa." Tukampangia alipe elfu 25. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale mlangoni kwa kistoo chake, anaangalia simu. Hakusema neno.

Mama wa watu akalipa. Mwezi wa nne, hata na nyongeza yake, tarehe 19 mita ikalia tena. Safari hii watu walikuwa na hasira, wakamwambia azime kabisa. Akazima. Barafu zikayeyuka kwenye beseni, akawagawia watoto maji ya ukwaju bure, wa kwangu wakiwemo. Mwisho wa mwezi akahamia Mbagala. Nilimsaidia kubeba friji mpaka kwenye kirikuu, nikamwambia Mungu atakufungulia.

Mwezi wa tano, tarehe 17, mita ikalia. Friji halipo.

Wapangaji wakasema mita mbovu. Mimi nikakaa kitandani, nikamkumbuka mwanangu na lile jua lake.

Jumapili mdogo wangu akaenda kuangalia mpira. Funguo ya akiba ya kufuli nilikuwa nayo, maana kufuli nilinunua mimi. Nikafungua. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria, na harufu ileile ambayo yeye alikuwa ananiambia ni udi na soksi. Nikafungua kabati. Nguo hakuna. Ndani kabandika karatasi za fedha zile za kuokea, juu kaning'iniza taa kubwa ya kama ya uwanjani, pembeni feni ya mezani, na chini ndoo tatu za rangi zina miche mitatu inanifika kiunoni. Jani lile hata mtoto analijua, limechorwa kwenye fulana na bajaji mji mzima.

Nilikaa chini sakafuni. Ukutani, upande wa pili, ndipo kilipo kitanda cha wanangu.

Aliporudi hakukana. Alisema taa ni wati 200, anaiwasha saa 18 kwa siku, kaona kwenye video za Wazungu. Nikachukua simu nikapiga hesabu mbele yake. Wati 200 kwa saa 18 ni uniti 3.6 kwa siku. Kwa mwezi ni 108. Bado feni. Friji la yule mama, tena likiwa la zamani, sidhani kama lilizidi uniti 45. Taa yake ilikuwa inakula zaidi ya mara mbili ya friji tulilolifukuza.

Nikamuuliza, "Ulikuwepo kwenye kikao?"

"Nilikuwepo, da."

"Ukanyamaza?"

Akanyamaza tena.

Baadaye akaanza kujitetea, na nilimwacha aongee kwa sababu nilitaka kujua kichwani mwake kuna nini. Akaniambia Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu nyumbani kwake, ndiyo maana naye alipanda mitatu. Akaniambia Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu kulima kwa matumizi yake mwenyewe, faragha. Yote hayo ni kweli, nilikwenda kuyasoma. Nikamwambia, "Sasa baba, hapa ni Ujerumani? Hapa ni Kurasini. Chuo cha polisi kipo hukuhuku, ukirusha jiwe unampata askari."

Na kwetu sheria ni ile ya 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya. Haina cha mche mmoja wala mitatu. Kulima ni kosa, kuwa nayo ni kosa, kuvuta ni kosa. Watu wamefungwa miaka 30 nchi hii kwa kulima bangi. Na haiishii kwa mlimaji, mwenye nyumba au mpangaji anayejua na kuruhusu naye ana kesi yake. Kistoo kile nimekipanga mimi. Kuanzia dakika ile niliyofungua kabati, nilikuwa najua.

Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea aseme anavuta. Kweli anavuta, alikiri, alianza chuo. Lakini miche ile haikuwa ya kuvuta. Yule msanii alimwambia siku moja kwenye gari kwamba hii ya kwenye viroba imemchosha, akipata mtu wa kumletea "kitu cha ndani", skanka ya ukweli, analipa hela ndefu. Labda yeye alikuwa anapiga soga tu. Mdogo wangu akatoka hapo akakopa hela kwa rafiki, akaenda Kariakoo kununua taa.

Kichekesho ni kwamba hata kilimo chenyewe kilimshinda. Kwa tulivyosoma wote wawili usiku ule, mmea ule una dume na jike, na maua wanayoyataka watu ni ya jike. Miche yake miwili ilikuwa madume. Ule wa tatu ulikuwa jike, lakini masika ya Dar na chumba kisicho na dirisha vilimaliza kazi, maua yameota kuvu jeupe kama mkate uliosahaulika. Wazungu wanawasha taa kwa sababu kwao baridi, na jua la msimu wa baridi linatoka saa chache. Sisi jua tunalo karibu saa 12 kila siku ya mwaka. Kule Kisimiri Juu, Arumeru, ambako Mamlaka ya dawa za kulevya inakwenda kila mara kung'oa na kuchoma mashamba, hakuna anayewasha taa. Mdogo wangu alinunua jua Kariakoo, akalilipisha nyumba nzima, ili tu mtu asimwone.

Usiku ule nilishika simu. Namba ya Mamlaka ni 119, bure. Niliiandika, nikaifuta. Nikaiandika tena. Nikamfikiria mama yetu kijijini anavyomwita huyu mtoto "mume wangu mdogo". Miaka 30. Angetoka ana miaka 53.

Sikupiga. Najua wengine mtanisema na mna haki. Nilimwambia achague, anang'oa sasa hivi mbele yangu au naita mjumbe. Akang'oa analia. Na kama hamjui, kutupa mti wa bangi kwenye nyumba ya kupanga ni kazi kuliko kuupanda. Huwezi kuchoma, mtaa mzima utakuja kunusa. Huwezi kuweka kwenye taka, wazoa taka wanafungua mifuko. Tulikatakata kwa kisu cha mboga mpaka saa tisa usiku, tukaloweka na jiki kwenye beseni, tukawa tunakwenda chooni kwa zamu kama watu wenye kuhara. Kisu kile nilikitupa. Beseni pia.

Asubuhi alimpigia yule msanii, nadhani alitaka kumweleza mpango umekufa, au kuomba hela. Simu haikupokelewa. Akamtumia ujumbe, akajikuta amezuiwa. Sina la kumlaumu huyo bwana sana, huenda hata jina la mdogo wangu halijui.

Taa tuliiuza nusu bei. Kabati nalo nililiuza, nilikuwa siwezi kuliangalia. Miezi mitatu ya ile taa ni kama laki moja na elfu 15. Nikamwambia mdogo wangu hela hiyo ina mwenyewe, twende Mbagala.

Tulimkuta mama wa barafu Rangi Tatu, kapanga chumba kimoja, friji lipo pembeni ya kitanda, limefunikwa kitambaa, halijawashwa. Alisema mwenye nyumba mpya kakataa friji, kwa hiyo anauza karanga. Akatukaribisha, akatupa maji. Nikatoa bahasha. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri njia nzima, kwamba tumegundua mita ilikuwa na hitilafu, wapangaji tumerudisha kilichozidi. Ukweli nisingeweza kuusema, ukweli ule una jela ndani yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akahesabu hela taratibu, akazifunga kwenye kanga. Halafu akamtazama mdogo wangu, siyo mimi, akasema, "Mwanangu, chumba changu kilikuwa kinatazamana na chako. Friji langu halijawahi kunuka."

Kumbe alijua. Alijua tangu kwenye kikao, akalipa elfu 25, akazima friji, akahama. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba na yeye alikuwa na kijana, alichukuliwa kwa misokoto tu ya mfukoni, na alivyorudi hakuwa yuleyule. Hakutaka mdomo wake umpeleke mtoto wa mwenzake. Mimi nilimtetea ndugu yangu wa damu. Yeye alimtetea mtoto asiyemhusu, wakati dada yake amesimama mbele ya watu anamdhalilisha.

Mdogo wangu alipiga magoti pale. Siku hizi yupo Kigamboni kwa fundi wa kuchomelea vyuma, anavuka daraja kila asubuhi. Anasema ameacha kuvuta, sina kipimo, naomba Mungu tu. Kila mwisho wa mwezi anatoa elfu kumi, nami naongeza, mpaka yule mama apate chumba chenye mita yake peke yake.

Wapangaji wenzangu mpaka leo wanaamini mita ilikuwa mbovu ikapona yenyewe. Sasa umeme unafika mwisho wa mwezi na bado kuna mmoja anasema, "Mnaona tangu yule mama aondoke?" Nami nakaa kimya, kama mdogo wangu alivyokaa kimya siku ile ya kikao. Nikisema, namfunga ndugu yangu na mimi mwenyewe. Nisiposema, jina la mama wa watu linabaki limechafuka Kurasini.

Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Msinitukane sana, nishajitukana mwenyewe.