Mvua Niliyoifuta Mwenyewe

Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Ninachoungama hapa hasa ni yale niliyoyafanya kulizunguka.

Nilipewa kazi ya kuchambua vipimo vya mvua vya kila siku kutoka vituo kadhaa vya mradi wa maji. Wenzangu walitumia Excel, wachache Python. Mimi nikachagua Julia, lugha iliyotangazwa 2012 na akina Jeff Bezanson wa MIT. Ni lugha nzuri na ina kasi, ila data ile ingetosha kabisa kwenye Excel. Niliichagua kwa sababu pale ofisini hakuna mwingine aliyeijua. Nilipenda watu wasimame nyuma ya kiti changu, watazame seli za daftari la Jupyter zikitoa grafu, na wakose swali la kuuliza.

Siku ambayo kipimamvua hakikusomwa, karani aliandika -999. Fanksheni yangu ya kwanza, niliyoiita safisha, ilipokea namba za desimali tu na kugeuza kila namba hasi kuwa sifuri. Upuuzi mtupu: siku isiyosomwa si siku ya ukavu. Hilo nililiona mwenyewe, nikarekebisha palepale kwenye seli ili namba hasi ihesabiwe kuwa data isiyopo, na sharti la desimali nikaliondoa kwa kuwa sikuona kazi yake. Nikajaribu safisha(-999). Jibu likaja sawasawa: data haipo. Nikaendesha seli zilizofuata. Wastani wa masika haukusogea hata kidogo.

Kwenye Python, fanksheni mpya ingeifuta ya zamani yenye jina lilelile. Julia huruhusu jina moja libebe maana nyingi, kila moja kwa aina yake ya data, na huchagua iliyo mahususi zaidi. Msimbo wa zamani nilikuwa nimeufuta kwenye skrini, lakini kerneli, yaani programu inayoendesha seli za daftari, ilikuwa bado inaukumbuka. Ile -999 niliyoiandika kwa mkono ni namba kamili, ikaenda kwenye maana mpya. Zile -999.0 za kwenye faili ni desimali, zikarudi kwenye ya zamani na kugeuzwa sifuri. Na Julia haikunificha: chini ya seli iliandika kwamba safisha sasa ina maana mbili. Mstari ule niliuona kama mtu anavyoliona neno Karibu kwenye zulia la mlangoni.

Kuanzisha kerneli upya na kuendesha seli zote tangu juu kungeniumbua mara moja. Lakini Julia huchukua muda kupakia vifurushi, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika kwenye ripoti kwamba siku zisizosomwa haziathiri matokeo, na kwamba masika ya kituo kimoja yamepungua.

Siku ya kuwasilisha, mzee anayesoma kipimo cha kituo hicho alinyoosha mkono.

"Mwanangu, Aprili ile chombo kilipasuka, ndiyo maana hakuna vipimo. Lakini mvua ilinyesha mpaka tukashindwa kuvuka mto."

"Mzee wangu, hilo tumelizingatia. Kompyuta imeshalichuja."

Akasema, "Haya," akakaa.

Usiku ule nikaanzisha kerneli upya. Wastani ukapanda. Kesho yake nikatuma ripoti nyingine, na kwenye barua nikaiita toleo lililoboreshwa. Neno kosa halikuwemo. Hakuna aliyeuliza kimeboreshwa nini, kwani hakuna aliyeweza kuusoma msimbo. Na hali hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu.

Siku hizi natumia Pluto, daftari la Julia lililotoka 2020. Ukibadilisha seli, huiondoa maana ya zamani na kuendesha upya seli zote zinazoitegemea. Lingenikinga na zile sifuri. Lisingenizuia kumjibu mzee vile nilivyomjibu. Na yeye sijamwambia mpaka leo kwamba alikuwa sahihi: ripoti ya pili niliwatumia wenye barua pepe tu.