Siku Moja Dar es Salaam: Panga Kabla ya Kwenda

Ndugu msomaji, mavuno yakiisha, wengi wetu huenda Dar es Salaam kuwatembelea ndugu. Watoto nao hutaka kuuona mji. Hilo ni jambo jema. Lakini mji ni mkubwa, na siku ni moja. Asiyepanga huimaliza siku ndani ya daladala.

Kwa hiyo kaeni kikao, baba, mama na watoto. Chukueni karatasi na kalamu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, fedha. Zigawanyeni mafungu matatu: nauli ya kurudi nyumbani, chakula, na matembezi. Nauli ifungwe peke yake, aishike mama. Nauli ya kurudi ni kama mbegu ya msimu ujao. Hailiwi, hata mtoto akililia kofia.

Pili, mahali. Chagueni mahali pachache palipo karibu karibu. Mfano ni huu.

Asubuhi pandeni basi la mwendokasi liendalo Kivukoni. Mabasi haya yalianza kazi mwaka 2016. Hapo Kivukoni kuna soko kubwa la samaki. Jirani kuna pantoni, ambayo huvusha watu na magari kwenda Kigamboni. Vukeni, kisha rudini. Watoto wataiona bahari na meli kwa macho yao.

Jua likiwa kali, nendeni kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ndiyo, mtaa huo una jina la mshairi wetu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940. Ulizeni habari za fuvu la Zinjanthropus. Lilipatikana Olduvai mwaka 1959, na umri wake ni kama miaka 1,750,000. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mkitoka, pumzikeni katika bustani ya mimea iliyo jirani.

Mwisho, nendeni Mtaa wa Samora kuona Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya mwaka 1914 hadi 1918. Wapagazi wengi walitolewa vijijini, wakabebeshwa mizigo ya vita, wasirudi. Chini ya sanamu kuna maneno ya Kiswahili. Usingoje kusomewa. Yasome wewe mwenyewe, watoto wakusikilize.

Kutoka hapo, kituo cha Posta ya Zamani si mbali. Pandeni basi mapema. Jioni abiria ni wengi, na kusukumana ni kwingi.

Tatu, watoto. Mtoto mdogo akipotea, hujua kusema "baba" tu. Mjini akina baba ni wengi. Kwa hiyo kila mtoto awe na karatasi mfukoni. Andika jina lake, jina lako, namba ya simu na mahali mlipofikia. Mwambie mtoto hivi: Ukituona hatupo, simama pale pale. Usimfuate mtu. Mtafute askari polisi umpe karatasi yako.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Kazi yake ni hii. Karatasi moja iliyoandikwa nyumbani itawarudisha wote salama, na nauli mkononi.

Safari njema.