Tope la Mto Kuja
Wageni wakifika kituo cha umeme wa maji cha Gogo huuliza mashine ziko wapi. Mimi huwapandisha kwanza kwenye wavu wa chuma ulio mbele ya mlango wa maji, maana sehemu kubwa ya kazi yetu iko pale.

Kituo chetu ni kidogo: megawati 2, mashine mbili za megawati moja moja, katika kaunti ya Migori. Kituo cha Gitaru peke yake, kule Mto Tana, kina megawati 225. Chetu kilijengwa miaka ya 1950 kuupa stima mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ulifungwa zamani, sisi tungali kazini.

Mto Kuja unatoka nyanda za juu za Kisii, kwenye miteremko mikali na mashamba yaliyobanana. Mvua ikipiga huko, maji hutufikia mekundu. Yakigota kwenye ukuta wa bwawa hupoteza kasi na kutua mzigo wake, mchanga kwanza, kisha tope. Kwa zaidi ya miaka 60 tope hilo limejilaza bwawani, na pahali pa kuweka akiba ya maji pamekwisha. Hatuwezi kuyazuia mchana tuyafungulie jioni, watu wanapopika na kuwasha taa. Tunatumia yanayokuja, basi. Kiangazi kikikaza Januari na Februari, tunazima mashine moja.

Mvua ndefu nazo zina taabu yake. Maji ni tele, lakini yanashuka na migomba mizima, mabua ya mahindi na chupa za plastiki, na vyote hunasa wavuni. Ukiwa zamu ya usiku utaona kina cha maji nyuma ya wavu kikishuka, nguvu ya mashine ikipungua, nawe huna budi kushika reki uende ukazoe katika mvua ile ile.

Kinachoniuma zaidi ni kile kinachopenya wavu. Mchanga laini huingia bombani pamoja na maji, ukafika kwenye turbini na kusaga chuma. Siku turbini inapofunguliwa, pitisha kidole kwenye kingo za mapanga yake: zimekuwa nyembamba, zenye meno. Chuma kile ni ghali, na kukipata huchukua muda mrefu.

Nafurahi nikisikia mipango ya kuleta mashine kubwa zaidi. Ila mkulima wa Kisii anayezuia udongo kwa kuchimba makingamaji ya fanya juu na kuotesha mabingobingo kwenye kingo zake ananilindia turbini kuliko ninavyoweza mimi mwenyewe, wala halipwi chochote. Naamini sehemu ya bei ya kila uniti ya stima inayotoka mtoni ingepaswa kupanda hadi kwake. Tope lililokwisha kulala bwawani litahitaji kuchimbwa kwa mashine, hilo halina njia nyingine. Lakini tukilichimba kabla ya kushughulikia mashamba ya juu, litarudi baada ya misimu michache, na gharama ya kulichimba upya itamwangukia mwenye mita.