Kiegemeo cha Siti ya Mjomba

Volkswagen ya mjomba ilikuwa ya milango miwili. Ili abiria wa nyuma aingie, kiegemeo cha siti ya mbele kililazwa mbele, na kikirudishwa kilinaswa na ndoana ndogo pembeni. Marekani ilizifanya kufuli za aina hiyo kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Januari 1968. Ya mjomba ilikuwa nayo, ila ilishalika. Akikanyaga breki, kiegemeo kilimsukuma aliyeketi mbele mpaka kwenye dashibodi, naye mjomba alipaza sauti, "Mjomba, shikilia!" Kwetu Waluguru neno la mjomba halijibiwi, basi nilishikilia.

Kwa muda mrefu tulikifunga kwa tyubu ya baiskeli. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa adimu, na spea pia. Aliyetuokoa ni fundi mmoja wa shamba la mkonge, hapo hapo kwetu Ngerengere. Alikata kipande cha pleti ya springi ya lori, akakichonga kwa tupa kufuata umbo la ndoana ya zamani, akakipasha moto mpaka kikaiva, kisha akakizamisha kwenye oili chafu kikawa kigumu. Kilinasa vizuri kuliko cha kiwandani. Ufundi ule siuoni tena.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na miaka iliyofuata magari ya mitumba ya Japani yakajaa barabarani. Siti zake zinalala nyuma: ubavuni kuna chuma chenye meno, wenzo wa kukiachia, na springi iliyozungushwa inayorudisha kiegemeo. Meno yakilika, kiegemeo huanguka ghafla na dereva akabaki anatazama paa. Hapo ndipo mafundi walipoanza kuchomelea. Sikuwahi kuipenda kazi hiyo. Cheche huwasha sponji, na moto hubadilisha ugumu wa chuma. Gari likigongwa kwa nyuma, hapo ndipo panapoweza kukatika.

Siku hizi kijana wa gereji hachongi wala hachomelei. Husafiri kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na yenye stesheni Ngerengere, akatafute kifaa cha mtumba Gerezani, Dar es Salaam. Kabla ya kugusa siti hutoa waya wa betri na kusubiri, maana magari mengi sasa yana mfuko wa hewa ubavuni mwa siti, wenye plagi ya njano chini yake. Kisha hufungua boliti za sakafuni, hugeuza siti, na huiondoa ile springi kwa koleo, uso akiuweka mbali. Ikifyatuka hukata vidole.

Ukinunua mtumba, vuta wenzo, achia, halafu sukuma kiegemeo kwa nguvu zako zote. Kikicheza hata kidogo upande mmoja, mrudishie muuzaji.