Wamisionari arobaini na tatu

Jumapili, saa nne usiku, hosteli.

Najua nimeingia mitini karibu wiki mbili, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa nyumbani Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida yake, mimi niko sebuleni na kompyuta, nafanya kazi ambayo ningeifanya vizuri tangu mwanzo isingenichukua hata siku moja. Imenichukua siku sita. Leo nawasimulia. Sehemu ya habari hii inanitia aibu, ila shajara ni shajara, siwezi kuandika ya kujisifu tu.

Mnakumbuka nilivyowaambia kuhusu semina ya historia ya elimu? Kila kundi lilipewa kazi ya kuchagua eneo moja na kueleza elimu ya wamisionari ilivyoanza pale. Kundi letu tulikuwa wanne, na mimi kwa kiherehere nikang'ang'ania tuchukue Rungwe. Nani asiyependa kusimulia kwao? Kwa wasiojua, Wamoravian kutoka Ujerumani walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, kiongozi wao Theodor Meyer. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin nayo ikaingia nchi ya Wanyakyusa. Tukuyu yenyewe enzi za Mjerumani iliitwa Neu-Langenburg. Halafu miaka ya 1930 wakaja Godfrey na Monica Wilson, wakakaa na Wanyakyusa na kuwachunguza, na kitabu cha Monica kiitwacho Good Company kikatoka mwaka 1951. Wote hao niliwatia kwenye tanbihi. Kazi ya kurasa thelathini, tanbihi sitini na moja! Nilijiona profesa kabisa.

Sasa, kundini tuna rafiki yangu ambaye haoni. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo darasa zima tunavyomwita. Anasoma kwa NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006, ambayo inasoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti yake ya Kiswahili ukiisikia mara ya kwanza utacheka, ni kama roboti lenye mafua. Mwalimu anaisikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii hata neno. Na akisimama mbele ya watu, haangalii karatasi, anatiririka. Basi tukakubaliana: mimi niandike, yeye awasilishe. Nikampa flashi Alhamisi usiku, semina Jumatatu.

Jumatatu ikafika. Mwalimu akasimama, akaenda vizuri, watu wametulia wanasikiliza. Mpaka aliposema kwamba msafara wa kwanza wa Wamoravian ulikuwa na wamisionari arobaini na tatu.

Mhadhiri akamkatisha. "Wangapi?"

"Arobaini na tatu, Dokta."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mhadhiri akafunua nakala yetu iliyochapwa, akasema hapa pameandikwa wanne. Halafu akaongeza kwamba anayewasilisha kazi awe ameisoma kwanza. Alama za uwasilishaji zikakatwa. Mwalimu akasema samahani, akaendelea mpaka mwisho, ila ile kutiririka yote ikawa imekwisha.

Na mimi niliyeandika? Nilikuwa naangalia meza. Sikujua kosa liko wapi, lakini nilijua Mwalimu si mtu wa kubahatisha. Nilitakiwa kunyanyua mkono niseme jambo lolote. Sikunyanyua.

Usiku akaja chumbani kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanipa spika za masikioni. "Kaka, hebu vaa hizi. Nakupunguzia kasi." Nikasikia sentensi yangu mwenyewe: mwaka elfu kumi na nane mia tisa na kumi na mbili, walifika wamisionari arobaini na tatu.

Mwanzoni sikuelewa. Nikatazama skrini. Nilikuwa nimeandika mwaka 1891, halafu namba 2 ya tanbihi juu yake. Mbele kidogo wamisionari 4, halafu namba 3 ya tanbihi. Nilizichapa kwa mkono, nikazichagua, nikazipandisha juu na kuzifanya ndogo. Kwa macho zinapendeza. Lakini kupanda juu na kuwa ndogo ni mambo ya macho, na NVDA kwa mpangilio wake wa kawaida haikutajii hayo. Yenyewe inaona 4 na 3 zimebanana, inasoma 43. Haina kosa, ndivyo nilivyoandika!

"Ule mwaka niliushtukia nikaurekebisha kichwani," Mwalimu akasema, "maana najua hatujafika huko. Ila arobaini na tatu ningejuaje?"

Nikaendelea kusikiliza. Ikawa mbaya zaidi. Mimi tanbihi zangu nilikuwa naziweka hivi: napiga Enter mpaka chini ya ukurasa, naweka vistari kama mstari, naandika maelezo kwa herufi ndogo. Kwa hiyo yeye yuko katikati ya sentensi, ghafla anaambiwa mstari mtupu, mstari mtupu, mstari mtupu, vistari ishirini, namba, jina la Mjerumani, mwaka, halafu ndio anapata nusu ya sentensi iliyobaki. Tena kompyuta yake ina fonti tofauti na yangu, kurasa zote zikasogea, kilichokuwa chini ya ukurasa kikawa katikati. Hiyo ni mara sitini na moja, wadau.

Nikamuuliza, mbona hukuwahi kuniambia? Nina miaka miwili nampa notisi zangu, zote nimezichapa hivyohivyo.

Akanyamaza kidogo. "Kaka, nikianza kulalamika kwa kila anayenipa notisi, nitabaki bila notisi."

Sikulala vizuri siku ile.

Sasa bahati nzuri au mbaya, wiki hiyohiyo tuliambiwa kazi za makundi yote saba zitaunganishwa kiwe kitabu kimoja cha kielektroniki, wakisome watakaochukua kozi mwakani. Nikajitolea kukitengeneza kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Nikapakia Costa, nikaenda zangu nyumbani na kazi saba, na katika hizo saba, tano zilikuwa na ugonjwa kama wangu.

Haya, tuje kwenye ufundi wenyewe, hasa kwa walimu wenzangu watarajiwa. Nitaeleza kwa Word kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka, ila LibreOffice nayo inayo.

Kwanza, usichape namba ya tanbihi kwa mkono. Weka kasa pale unapotaka, bonyeza Alt, Ctrl na F kwa pamoja kwa tanbihi ya chini ya ukurasa, au Alt, Ctrl na D kwa tanbihi ya mwisho. Programu inaweka namba yenyewe, inakupeleka mahali pa kuandikia, na inakumbuka kwamba namba hii na maelezo haya ni kitu kimoja. Hapo ndipo penye siri yote. Namba yangu ya mkono ilikuwa mchoro tu, haikufungwa na chochote. Na raha yake nyingine, nilipoongeza tanbihi mpya baada ya ya 11, zote zilizofuata zikajipanga upya zenyewe. Nilikumbuka usiku ule nilioubadilisha namba moja moja nikakaribia kulia.

Kama umeshaharibu kama mimi, dawa ni kwenda moja baada ya nyingine: kata maelezo ya zamani, rudi kwenye namba yake, ingiza tanbihi ya kweli, bandika maelezo bila mapambo, halafu futa namba ya zamani na ile mistari mitupu. Inachosha. Umeme wa kwetu ukikatika na mvua ndio unapumzika.

Pili, usigombane na mtu kuhusu chini ya ukurasa au mwisho wa kitabu. Nilipoteza nusu siku kuwaza hilo. Kitabu cha kielektroniki cha EPUB kwa kawaida hakina ukurasa wa kudumu. Ukikuza herufi kwenye simu, maneno yanajipanga upya, "chini" inahama. Kwa hiyo ukigeuza faili, tanbihi zitahamia mwisho wa sura au mwisho wa kitabu, na kinachomfikisha msomaji huko ni kiungo. Ila hakikisha vichwa vya sura umeviweka kwa staili ya kichwa, Alt, Ctrl na 1. Kukoleza wino tu hakutoshi, maana hapo programu haijui sura inaanzia wapi.

Tatu, namba ya tanbihi isikae mgongoni mwa tarakimu nyingine. Siku hizi naandika "wamisionari wanne" kwa maneno, na tanbihi naipeleka baada ya nukta. Mwaka 1891 nauweka katikati ya sentensi mbali na tanbihi yoyote.

Nne, ile "Ibid." tunayoipenda. Kwenye karatasi jicho linapanda mstari mmoja juu linaona. Lakini anayeruka kutoka kwenye sentensi hadi tanbihi moja tu, anakuta neno "Ibid." limekaa peke yake kama mtoto aliyeachwa stendi. Ibid. ya nani? Nilizifuta zote, nikaandika jina la mwandishi na kichwa kifupi cha kitabu kila mara. Haigharimu kitu.

Tano, na hii inauma, punguza. Nilipozisikiliza tanbihi zangu moja moja nikagundua nyingi zilikuwa za kuonyesha kwamba nimesoma. Jambo la maana nikalipandisha kwenye habari yenyewe, la kujisifu nikalitupa. Kutoka sitini na moja zikabaki thelathini na nane, na sijaona kilichopungua.

Mama akawa ananipita pale sebuleni anaona vilevile nimeinama. Siku ya nne akauliza, "Baba, hiyo kazi haiishi?" Nikajaribu kumweleza: kuna alama kwenye sentensi, inampeleka msomaji kwenye maelezo pembeni, halafu lazima imrudishe palepale alipoachia. Akasema, "Sasa si kama kumtuma mtoto kwa mtu asiyemjua? Unamwelekeza na njia ya kurudi." Akaniachia ndizi na chai, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesoma maelezo marefu ya mitandaoni kwa siku mbili kuhusu jambo hilohilo.

Kugeuza nilitumia WordToEPUB, inatolewa bure na DAISY, muungano wa mashirika ya vitabu vya wasioona uliopo tangu 1996. Kisha nikafungua kitabu kwa Thorium, nikaweka NVDA, nikafunga skrini kwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa cha mezani cha mama. Nikafika kwenye namba, ikatajwa kuwa ni kiungo, nikabonyeza Enter, nikasikia tanbihi, nikabonyeza kiungo cha kurudi, nikajikuta kwenye sentensi yangu. Nilifanya hivyo kama mara kumi kwa furaha tu.

Kuna mkataba wa Marrakesh, ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania ikajiunga mwaka 2020. Unafungua njia ya kutengeneza nakala za vitabu vyenye hakimiliki kwa ajili ya wasioona. Ni jambo kubwa, na sisi tunaosomea ualimu tulipaswa kuujua. Lakini mkataba hauwezi kuingia kwenye kompyuta yangu saa sita usiku unirekebishie namba 3. Sheria ikiruhusu nakala, bado nakala hiyo itachapwa na mtu kama mimi.

Nimerudi chuoni jana. Mwalimu amekisikiliza kitabu leo mchana, akakuta makosa mawili. Moja, kuna kundi liliandika "angalia tanbihi ya 9" kwa mkono, na sasa hiyo ni ya 7. La pili, vichwa vya vitabu vya Kijerumani vinasomwa kwa sauti ya Kiswahili, akasema "hapa amekohoa au amesema kitu?" Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Yanarekebishika: la kwanza kwa kuiachia programu iandike rejeo lenyewe, la pili kwa kuyawekea maneno hayo alama ya lugha yake.

Nikamwambia kesho saa nne asubuhi nakwenda kwa mhadhiri kueleza kwamba arobaini na tatu ilikuwa yangu. Nikamwambia labda alama zitarudi.

"Alama ziache, kaka," akasema. "Mwambie tu kwamba nilikuwa nimesoma."

Haya wadau, ngoja niishie hapo, nataka kupanga maneno ya kesho. Nitawaambia ilivyokwenda, hata ikienda vibaya.